Ukiuziwa picha namba 12 kati ya 50, uliza nani alihesabu

Januari 9, 1949, jijini Paris, Pablo Picasso alichora njiwa mweupe juu ya mandhari nyeusi. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, njiwa huyo alikuwa amebandikwa kwenye kuta za jiji, akitangaza Kongamano la Amani la Dunia. Mshairi Louis Aragon, mwenzake Picasso katika Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, ndiye aliyemchagua kwa ajili ya bango. Mwenye duka alimwona, dereva wa basi alimwona, mtoto akienda shule alimwona, na hakuna aliyelipa hata sarafu moja.

Lakini kuna karatasi 50 za njiwa yule yule ambazo hazikubandikwa ukutani. Hizo zilitiwa sahihi na kuandikwa namba kwa penseli. Leo moja ikiingia mnadani, watu wanapigania kwa pesa ambazo ukizigeuza ziwe za Kenya ni mamilioni ya shilingi.

Hebu tulia hapo kidogo. Ndege ni yule yule. Manyoya ni yale yale. Mbona moja ilimwagikiwa na mvua ukutani na nyingine imefungiwa kwenye fremu ya kioo kama mtoto wa kifalme? Unapolipia ile ya pili, unanunua nini hasa?

Usidhani swali hili ni la matajiri wa Ulaya pekee. Siku hizi kila kitu tunachouziwa ni toleo maalum. Viatu, jezi, kofia, hata chupa ya maji. Ukizunguka kwenye maonyesho ya sanaa ya wikendi hapa Nairobi, utakuta picha zimechapwa vizuri, pembeni zimeandikwa 4/50 au 17/100, na bei imepanda kwa sababu ya hivyo vinamba viwili. Wengi tunalipa bila kuuliza. Tunaogopa kuonekana washamba.

Mimi si msomi wa sanaa. Chuo niliachia njiani na digrii ya mambo haya sina. Lakini vinamba hivi havihitaji digrii. Vinahitaji tu kujua kazi inavyofanywa, na kujua mahali mwizi anapoingilia.

Jiwe, mafuta na maji

Picha ya Picasso ni litografu. Teknolojia hii ilibuniwa mwaka 1796 kule Bavaria, Ujerumani, na jamaa aitwaye Alois Senefelder. Huyu hakuwa mchoraji. Alikuwa anaandika michezo ya kuigiza na hakuwa na pesa za kuwalipa wachapishaji, kwa hivyo alikuwa anatafuta njia ya kuchapisha kazi zake mwenyewe kwa bei ya chini. Hasla wa miaka ile, kwa ufupi.

Alichogundua ni kitu ambacho mama yako anakijua jikoni: mafuta na maji havipatani.

Unachukua jiwe la chokaa, laini na zito. Yaliyosifika zaidi yanatoka Solnhofen, huko huko Bavaria. Unachora juu yake kwa kalamu au wino wenye mafuta. Kisha unalipaka jiwe mchanganyiko wa gundi na asidi kidogo, ili ile sehemu ambayo hukuchora ishike maji na kukataa mafuta. Unalilowesha jiwe kwa maji. Halafu unapitisha rola yenye wino wa mafuta. Wino unang'ang'ania pale ulipochora na kukimbia pale palipo na maji. Unalaza karatasi juu, unapitisha kwenye mashine, unainua. Picha imehama, tena kwa kugeuka, kushoto imekuwa kulia. Ukitaka rangi nne, kwa kawaida unaandaa mawe manne.

Na ile gundi? Inatoka kwa miti ya jamii ya migunga. Sudan ndiyo inayosifika zaidi duniani kwa kuiuza, lakini hata huku kwetu wafugaji wanaivuna Turkana, Samburu, Marsabit na Wajir. Litografu iliyotundikwa kwenye jumba la kifahari huko Ulaya huenda ilianza na tone la gundi kwenye mti wa nchi kavu ya Afrika. Hilo tunasahau haraka.

Baadaye wachapaji walianza kutumia mabati ya zinki badala ya mawe, kwa sababu jiwe ni zito na ni ghali. Njiwa wa Picasso mwenyewe alichorwa kwenye zinki.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Litografu halisi si fotokopi ya mchoro ulio mahali pengine. Hakuna njiwa mwingine wa asili aliyefichwa sandukuni. Mchoraji alichora moja kwa moja kwa ajili ya kuchapwa, na kila karatasi iliyotoka hapo ni kazi asilia. Zote 50 ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna mkubwa wala mdogo.

Picasso aliipenda kazi hii kupita kiasi. Novemba 1945, vita vikiwa vimeisha juzi tu, aliingia kwenye karakana ya Fernand Mourlot iliyokuwa mtaa wa Chabrol, Paris, na akashinda huko miezi kadhaa. Kati ya Desemba 1945 na Januari 1946 alichora fahali mmoja, akamchapa, akamkwangua kwenye jiwe lile lile, akamchora upya, akamchapa tena. Alifanya hivyo mara 11. Katika hatua za mwanzo ni dume lililoshiba, lina misuli na manyoya. La mwisho ni mistari michache tu, na bado unajua ni fahali. Wachapaji waliokuwa wamezeeka kwenye kazi hiyo walisimama pembeni wakishangaa.

Namba ni ahadi

Turudi kwa vinamba. Ukiona 12/50, maana yake ni kwamba karatasi yako imepewa namba 12 katika toleo la karatasi 50. Haimaanishi lazima ilikuwa ya kumi na mbili kutoka kwenye mashine, kwa sababu karatasi huanikwa, huchanganyika, kisha ndipo huhesabiwa na kutiwa sahihi. Kwa hivyo yule anayekutoza zaidi kwa sababu yako ni namba 1, mwambie polepole.

Nje ya hizo 50 huwa kuna chache za msanii mwenyewe. Hizo huandikwa E.A. zikitoka Ufaransa, au A.P. zikitoka nchi za Kiingereza. Kwa njiwa wa Picasso zilikuwa tano. Kwa hivyo jumla si 50, ni 55. Mwuzaji mwaminifu anakutajia hesabu yote, mjanja anakutajia ile ndogo.

Kisha kuna hatua ambayo watu hawaioni. Toleo likishakamilika, jiwe linasagwa hadi mchoro unafutika na jiwe linakuwa tayari kwa kazi nyingine. Kama ni bati, linaweza kukwaruzwa alama kubwa ya mkato ili lisiweze kutoa picha safi tena. Mlango unafungwa na ufunguo unatupwa mtoni.

Hapo ndipo tofauti ya bei inapotoka. Bango la ukutani lingeweza kuchapwa tena na tena, na halikumdanganya mtu. Karatasi yenye namba inakuambia: tuko 50 na hatutaongezeka. Unalipia wino, ndio, na unalipia jina la Picasso, ndio. Lakini sehemu kubwa ya pesa yako inaenda kwa ahadi. Na ahadi, kama unavyojua ukishawahi kukopesha mtu mtaani, ina thamani ya aliyeitoa.

Jamaa aliyetia sahihi karatasi tupu

Kuna Mhispania mwingine, Salvador Dalí. Unamjua hata kama hulijui jina: yule mwenye masharubu yaliyosimama kama antena, aliyechora saa zinazoyeyuka. Alizaliwa mwaka 1904, akafariki mwaka 1989. Alikuwa na kipaji cha ajabu na mapenzi ya pesa yasiyofichika. Mshairi André Breton, aliyekuwa kiongozi wa kundi lao la wasanii, alizipanga upya herufi za jina Salvador Dalí zikatoa Avida Dollars, yaani mwenye uchu wa dola. Wakorofi walianza zamani, kumbe.

Dalí alifanya litografu nyingi halali. Lakini katika uzee wake alianza mtindo mwingine. Badala ya kuchora, kuchapa, kuhesabu kisha kutia sahihi, aligeuza mpangilio. Alitia sahihi kwanza, kwenye karatasi tupu, kisha karatasi zikauzwa kwa wachapishaji waweke picha baadaye.

Mwaka 1974 maafisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori dogo lililokuwa likielekea Andorra, kile kinchi kidogo kilicho milimani kati ya Ufaransa na Uhispania. Ndani walikuta karatasi 40,000. Hazikuwa na mchoro wowote. Zilikuwa na sahihi ya Dalí tu.

Fikiria hundi 40,000 zilizotiwa sahihi, sehemu ya kiasi ikiwa wazi. Yeyote aliyeshika karatasi hizo angeweza kupiga picha mchoro wowote wa Dalí, kuuchapa juu yake kwa mashine ya kawaida ya mabango, kuandika 12/300 kwa penseli, na kuuza. Sahihi ni ya kweli. Hata mtaalamu wa mwandiko angeapa mahakamani. Lakini Dalí hakugusa jiwe, hakuona picha, na hakuhesabu chochote. Na kwa sababu hakuna aliyehesabu, hakuna aliyejua mwisho uko wapi.

Wahuni wengine wakaona hata hiyo sahihi ya kweli ni gharama ya bure, wakaanza kuiigiza. Soko la Marekani likafurika. Picha ziliuzwa kwa simu, kwa barua na kwenye maduka ya watalii, na wanunuzi waliambiwa kwamba huu ni uwekezaji, bei itapanda tu. Mwaka 1990 mahakama ya shirikisho huko Honolulu, Hawaii, iliwatia hatiani wenye jumba la sanaa lililokuwa likiuza chapa za namna hiyo kwa jina la Dalí. Wapelelezi wa Posta ya Marekani nao waliingia kazini, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara ilipitia mikononi mwa posta, wakakuta kwamba Chagall na Miró walikuwa wakifojiwa vile vile. Picasso pia.

Nani aliumia? Mabilionea hawakuumia sana, wao wana wataalamu na wanasheria. Aliyeumia ni mtu wa mshahara aliyeweka akiba yake, akanunua kitu kimoja kizuri cha kutundika sebuleni na kuwaachia watoto. Mtoto akakipeleka kwa mnada, akaambiwa kwa upole kwamba fremu ndiyo yenye thamani.

Na Dalí mwenyewe aliumia, ingawa pesa alikula. Mpaka leo litografu ya Dalí ya miaka yake ya mwisho ikiletwa mezani, hata ile halali, watu wanaigeuza huku na huku kama noti ya elfu usiku wa giza. Sahihi yake, iliyokuwa dhahabu, ndiyo kitu cha kwanza kinachotiliwa shaka.

Jinsi ya kuangalia kama mtu mzima

Hutanunua Picasso mwezi huu, najua, wala mimi. Lakini mbinu wanazotumia wachunguzi zinafaa hata kwa picha ya shilingi elfu tatu.

Kwanza, kioo cha kukuzia. Ukikiweka juu ya bango la kawaida au ukurasa wa gazeti, utaona vidoti vimepangwa kwa mistari kama askari kwenye gwaride. Hiyo ni picha iliyopigwa picha kisha ikachapwa. Litografu iliyochorwa kwa mkono haina gwaride hilo. Utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliomwagika.

Pili, karatasi yenyewe. Iinue kwenye mwanga utafute alama ya maji ya kiwanda. Kwa Dalí, jambo hili limewanasa wengi. Viwanda vya karatasi vya Arches na Rives viliongeza alama ya nane iliyolala, ile ya hesabu ya kitu kisicho na mwisho, kwenye alama zao mwaka 1980. Wakati huo Dalí alikuwa mgonjwa, na wanaofuatilia kazi zake wanasema alikuwa ameacha kutia sahihi chapa. Kwa hivyo sahihi yake kwenye karatasi ya aina hiyo ni kama kitambulisho chenye tarehe ya baada ya mazishi. Na cheki kejeli: alama ya kitu kisicho na mwisho, kwenye karatasi iliyouzwa kwa kigezo kwamba idadi yake ina mwisho.

Tatu, maswali. Nani alichapa, na wapi? Jumla ni ngapi, pamoja na zile za msanii? Je, picha hii hii imewahi kutolewa kwa ukubwa mwingine? Jiwe, bati au faili iko wapi sasa? Majimbo kama California na New York yana sheria inayomtaka muuzaji akupe habari za namna hii kwa maandishi. Wewe huhitaji kungoja sheria ndipo uulize. Mwenye kazi safi atafurahi kuelezea. Mwenye kazi chafu atakasirika.

Nne, usilewe cheti. Karatasi yenye mhuri wa rangi ya dhahabu inayosema picha ni halali, ikiwa imetolewa na yule yule anayekuuzia, ni maneno yake tu yaliyovaa suti.

Na wasanii wetu je?

Hapa ndipo nilikuwa nataka tufike. Nairobi kuna watu wanaochapa kwa mkono na wanaiheshimu kazi hiyo. Peterson Kamwathi, kwa mfano, anafahamika kwa michoro ya mkaa na kwa chapa za mbao. Lakini kizazi chetu kinachora zaidi kwenye tableti na kuchapa kwa mashine ya kidijitali. Hakuna ubaya. Tuseme mchoro wako mkubwa unauza laki moja na nusu. Mwalimu mchanga, nesi, mtu wa boda aliyeguswa na kazi yako, hawezi. Lakini chapa ya elfu tatu anaweza kujipanga akainunua mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo njia ya msanii kijana kulipa kodi ya nyumba bila kusubiri balozi aingie kwenye maonyesho.

Shida ni kwamba faili haisagwi kama jiwe. Iko pale kwenye simu, inakuangalia. Umetangaza 50, zimeisha, na jamaa mwingine anakutumia ujumbe: nipe moja tu, nakutumia pesa sasa hivi. Stima imekatika, kodi imefika. Nani atajua ukichapa ya 51?

Aliyenunua namba 12 hatajua leo. Lakini mji huu ni mdogo. Siku mbili zenye namba moja zikikutana kwenye mtandao, hutaharibu jina lako peke yako. Utamharibia na yule binti wa Umoja anayehesabu chapa zake kwa uaminifu, kwa sababu mnunuzi aliyechomwa mara moja huwa haulizi tena nani mwaminifu. Anafunga mfuko, basi.

Kwa hivyo, msanii, nunua daftari. Kabla ya kuchapa ya kwanza, andika idadi, ukubwa, aina ya karatasi na zile chache utakazobaki nazo. Kila moja ikiuzwa, andika tarehe na jina la aliyenunua. Zikiisha, sema zimeisha. Ukitaka kuirudisha picha hiyo kwa ukubwa mwingine, waambie walionunua mwanzo kabla hawajaiona kwa jirani.

Na kama unaona hutaweza kuvumilia kuacha, usiandike namba kabisa. Chapa elfu moja, uza kwa bei ya chakula cha mchana, zijaze bedsita zote kuanzia Rongai hadi Kahawa. Hiyo pia ni kazi ya heshima. Lile bango la Paris halikuwa na namba wala sahihi ya penseli, na ndilo lililomfanya njiwa wa Picasso ajulikane dunia nzima. Halikujifanya kuwa kitu kingine.

Lakini ukishaandika 12/50, umempa mtu neno lako kwa maandishi. Na penseli au si penseli, neno hilo halifutiki.